Mwanafunzi wa uuguzi aachwe aulize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wakufunzi wa vyuo vya uuguzi vya huku kwetu Kusini, na wauguzi wenzangu wanaopokea wanafunzi wodini, na pia wazazi waliouza korosho ili mtoto wao avae ile sare. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi Lindi na Mtwara zaidi ya miaka 35, sehemu kubwa nikiwa wodi ya wazazi, na sasa nipo nyumbani Mikindani. Kuandika gazetini hakukuwa kwenye mipango yangu mpaka dada yangu alipolazwa.

Dada ana miaka zaidi ya 70, anaishi Kitangari, Newala. Alishikwa na nimonia msimu wa kupuliza mikorosho, akakaa nayo nyumbani siku nne akisema ni salfa ya mikorosho tu imemkaba kifua. Tulipomfikisha hospitali midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hospitali yenyewe siitaji, kwa sababu niliyoyaona pale nimeyaona kwingine pia, na mengine nimewahi kuyafanya mimi mwenyewe. Nilikaa naye siku 11 kama ndugu wa kumuuguza.

Asubuhi ya pili walipita wanafunzi watatu kuchukua vipimo. Watoto wazuri, sare zimepigwa pasi, shikamoo kitanda hadi kitanda. Walipima joto, walipima presha, waliandika, wakasogea. Sikuona hata mmoja akihesabu pumzi. Nilimwomba inchaji wa wodi anioneshe chati ya dada, akanionesha. Upumuaji: 20. Nikamtazama dada yangu. Mbawa za pua zilikuwa zinacheza, na pale juu ya mfupa wa kifua ngozi ilikuwa inazama kila akivuta hewa. Nikaweka kiganja kifuani pake kana kwamba namfariji, maana mgonjwa akijua unamhesabia pumzi hubadilisha, nikatazama mshale wa saa yangu dakika nzima. Nilipata 34.

Nilimwambia muuguzi wa zamu. Mungu amjalie, hakunibishia wala hakuniuliza mimi ni nani. Alikuja akahesabu mwenyewe, akapata 33, akamwita daktari, na oksijeni ikaletwa. Baadaye mmoja wa wale wanafunzi alinijia kwenye benchi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wodi nzima asubuhi ile waliandika 20. Kila mgonjwa. "Bibi, ndivyo tulivyokuta wanaandika."

Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hiyo 20 inapendwa kwa sababu haiulizwi na mtu. Ukiandika 34 utaulizwa, ukiandika 9 utaulizwa, ukiandika 20 unapita. Na pumzi ni kipimo kisichotaka mashine wala betri, na mara nyingi ndicho kinachotangulia kubadilika mgonjwa anapoanza kuzidiwa, presha ikiwa bado inaonekana njema.

Kwetu wakunga jambo hili lina uzito wake. Mama mwenye kifafa cha mimba tunamchoma magnesiamu salfeti. Kabla ya kila dozi inayofuata kuna mambo matatu lazima uyaone kwa macho yako: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti liruke ukiligonga. Dawa ile ikizidi mwilini hulegeza misuli. Goti linaacha kuruka kwanza, kisha pumzi zinapungua, kisha zinakoma. Ndiyo maana kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima, hukaa karibu, tayari. Sasa mchukue mwanafunzi aliyejifunza fildi, yaani kwenye mazoezi ya wodini, kwamba upumuaji ni 20 kwa kila mtu, mpe zamu ya usiku wodi ya wazazi, mama anapumua mara 10, naye anaandika 20. Sindano inayofuata itachomwa kwa amani kabisa, na chati itaonesha kila kitu kilikuwa sawa.

Nimejiuliza sana kwa nini hawahesabu. Watu wepesi husema vijana wa siku hizi wavivu. Siamini. Nimewaona wakibeba ndoo za maji ngazi kwa ngazi, nimewaona wakimwogesha mzee aliyejichafua bila kukunja uso. Hawahesabu kwa sababu wanaogopa kuchelewa, na wanaogopa kuchelewa kwa sababu anayechelewa anaaibishwa. Na hapo ndipo shida yangu ilipo, Mhariri.

Siku ya nne jioni alikuja msichana mmoja mwanafunzi na sinia ya dawa, mwenzake nyuma, muuguzi wa zamu akiwa kitanda cha tatu. "Bibi, shikamoo. Naomba unitajie majina yako matatu." Dada akataja. Msichana akasoma chati, akasoma kichupa cha dawa, akarudi kwenye chati. Dada alikuwa anapewa dawa ya mshipani kila baada ya saa 8. Mwenzake alishaivuta dawa kwenye bomba la sindano, akamwambia, "Ni ya saa kumi, mpe." Msichana akasimama. Akasema, "Hii kumi ni kumi ya jioni, au ni ten ya usiku, yaani saa nne?"

Wasomaji wasiokaa hospitalini wajue hivi. Dawa ya kila saa 8 huandikwa kwenye chati kwa saa za Kizungu: 6, 2, 10. Kwetu sisi hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Mwanafunzi amelelewa na saa ya Kiswahili, anasali, anakula na anapanda basi kwa saa hiyo, kisha anapewa karatasi yenye "10" peke yake. Asipouliza, atampa mgonjwa saa kumi jioni dawa aliyopewa saa nane mchana, na zamu ya usiku itampa tena saa nne. Dawa nyingine zitasamehe. Nyingine hazisamehi, hasa kwa mzee au mtoto mwenye figo dhaifu. Ni kosa la lugha mbili zinazokutana kwenye karatasi moja, na hakuna kitabu cha kutoka nje kitakachomfundisha mtoto wa Nanyumbu kulikwepa. Tumfundishe sisi.

Yule msichana aliliona mwenyewe. Na muuguzi wa zamu, amechoka, wagonjwa wengi, akamjibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Wewe maswali yako hayaishi! Utamaliza kugawa dawa lini? Mpe mgonjwa dawa!" Wagonjwa wote waligeuka. Sinia ilitetemeka, nikasikia vichupa vikigongana. Hakutoa dawa, lakini hakuweza kusema neno. Nikasema mimi, kwenye benchi langu: "Sista, samahani, dada yangu alipewa ile ya saa nane, nilikuwepo." Muuguzi akaja, akaitazama chati kwa muda, akasema "Rudisha," akaondoka. Hakumwambia yule mtoto kwamba ameuliza vema.

Simlaumu yule muuguzi peke yake. Nimekuwa yeye. Nimesimamia wodi peke yangu usiku na kina mama wawili wanajifungua kwa pamoja. Lakini pia nimewahi kuwa yule msichana, na ninajua aibu ile inavyofanya kazi ndani ya mtu.

Mwaka 1985 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi daraja B. Wodi ya wanawake ilikuwa na kina mama wawili waitwao Somoe, na baba zao wote wawili Saidi, jambo la kawaida kabisa huku kwetu. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, ameandikiwa vidonge vya kutoa maji mwilini. Mwingine alikuwa bibi wa Kimakonde aliyekuja na kidonda cha mguu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilimfuata huyu bibi jioni na kikombe cha dawa, nikamuuliza, "Bibi, wewe ndiye Somoe Saidi?" Akasema, "Ee." Ndilo jina lake, angesema nini? Na hata lisingekuwa lake huenda angesema ee, kwa sababu wazee wetu wa vijijini wakimwona mwenye gauni jeupe hawambishii. Nikampa vidonge, akameza.

Usiku aliamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Choo kilikuwa nje, kwenye vidato viwili vya saruji. Nilimkuta amekaa chini gizani, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kifundo kimepinda kama shingo ya uma. Akaniomba radhi kwa kunisumbua usiku.

Asubuhi nilisema ukweli. Nilisimamishwa katikati ya wodi, mbele ya wenzangu na wagonjwa, nikaitwa muuaji. Hakuna aliyenionesha kosa lilikuwa wapi. Ilinichukua miaka kulitambua mwenyewe: lilikuwa kwenye swali. Mgonjwa usimtajie jina lake akaitikia. Mwache alitaje yeye. Kisha linganisha na kitu cha pili, namba ya faili, au umri na kijiji. Namba ya kitanda si jina, wagonjwa huhamishwa. Na huku kwetu kuna hili la ziada: wapo wazee wenye jina la kadi na jina walilopewa walipotoka jandoni, na ukimwita kwa lile la kadi anageuka kutazama nani anaitwa. Muulize ndugu yake.

Nilichojifunza asubuhi ile ni kunyamaza. Miezi miwili baadaye nilijichoma sindano niliyokuwa nikiirudishia kifuniko. Miaka ile habari za ugonjwa mpya zilikuwa zinatoka Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mwaka 1983. Sikumwambia mtu. Nilikiosha kidole, nikaendelea na kazi. Niliishi na kidole kile miaka mingi, nikabeba mimba mbili nikiwa na hofu yake, mpaka nilipopima nikakuta ni mzima.

Leo mwanafunzi aliyejichoma ana msaada ambao sisi hatukuwa nao. Zipo dawa za kinga ya VVU, na zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, zimezwe siku 28. Saa 72 ni siku tatu. Mwanafunzi anayeogopa kuitwa mzembe anaweza kuzimaliza zote tatu akiwa amelala hosteli ameshika kidole. Tunasema sana kwamba sindano isirudishiwe kifuniko, iende moja kwa moja kwenye sefti boksi, boksi la kutupia sindano, na boksi lisijazwe kupita robo tatu. Tuseme kwa nguvu ile ile kwamba aliyejichoma hatagombezwa.

Kuhusu mikono nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu anadhani analijua. Siku ya sita niliona jozi moja ya glavu ikitembea vitanda vitatu. Aliyeivaa alijilinda yeye, na wagonjwa watatu wakapokezana walichonacho. Glavu haichukui nafasi ya maji na sabuni. Kuosha mikono vizuri ni sekunde 40 hadi 60, kupaka dawa ya kusugua ni 20 hadi 30, na hufanywa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi ya usafi kama kidonda au kanula (mrija wa mshipani), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye hukumgusa. Bomba likikauka, na hukauka, ndoo yenye koki inatosha.

Sisi wakunga tulisimuliwa habari za daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna, Austria. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na kina mama walikuwa wanafariki zaidi ile ya madaktari. Aliuliza kwa nini. Akaona madaktari wanatoka kupasua maiti wanaingia kuzalisha. Mwaka 1847 akawaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini, na vifo katika wodi ile vikashuka kutoka takriban 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili hadi chini ya 3 mwezi Juni. Wakubwa wengi hawakulipenda swali lake, na alifariki mwaka 1865 bila kukubaliwa. Huwa nawaza kina mama waliokufa katika miaka ile ya kubishana.

Sasa ninachoomba. Kwanza, kila mwanafunzi anapoingia zamu ajue kwa jina nani msimamizi wake siku hiyo, na msimamizi ajue kwa jina wanafunzi wake. Pale nilipokuwa nilihesabu asubuhi moja wanafunzi 17 kwenye wodi ya vitanda 24, na nilipouliza watatu kati yao nani anawasimamia, nilipata majibu matatu tofauti. Vyuo vilivyoongeza wanafunzi viongeze na wakufunzi wa kufuatana nao wodini.

Pili, vile vitabu vya mazoezi. Mwanafunzi anatakiwa asainiwe amefunga vidonda kadhaa, amechoma sindano kadhaa. Siku ya mwisho wa fildi utawaona wanakimbilia saini kama abiria wa basi la Masasi. Wauguzi wenzangu, tusisaini tusichokiona. Heri mtoto arudi chuoni na saini kumi za kweli. Na kwenye kuhesabu pumzi, simama pembeni yake na wewe uhesabu. Mkipishana sana rudieni. Hivyo hivyo kwenye dripu. Lita 1 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Mwache apige hesabu mwenyewe mbele yako, asikadirie kwa jicho.

Tatu, saa kwenye chati ziandikwe kwa tarakimu nne: 0600, 1400, 2200. Haigharimu hata shilingi. Na mgonjwa anaporuhusiwa, aelezwe kwa mambo anayoyaishi: baada ya sala ya alfajiri, baada ya adhuhuri, usiku unapolala. Mwezi wa Ramadhani aulizwe kama anafunga, maana wengi huacha dozi ya mchana kimya kimya, na hatatuambia tusipomuuliza.

La nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanafunzi akisema "sijui, nisubiri niulize," asimamiwe na aliyepo, asichekwe, asikaripiwe mbele ya wagonjwa. Kama kuna la kumkaripia, kuna chumba cha dawa, kuna baada ya zamu. Inchaji anaweza mara moja kwa wiki kuwakusanya robo saa na kuwauliza: wiki hii ni kitu gani kilikaribia kuharibika? Atakayesema ashukuriwe. Mwaka ule wa 1985 kama mtu angenikalisha chini akaniuliza hivyo tu, ningemwambia habari za swali langu kwa Bibi Somoe, na pengine wenzangu wangeacha kuuliza kama mimi. Na kidole changu ningekitaja siku ile ile.

Wazazi nao, mtoto akirudi likizo msimuulize tu kama amefaulu mitihani. Mwulizeni kama wodini kuna mtu anayemjibu.

Dada yangu aliruhusiwa siku ya 11. Aliyekuja kutoa kanula na kumpa dawa za nyumbani alikuwa yule msichana wa sinia. Alinawa, akakausha mikono, akasimama kitandani. "Bibi, naomba unitajie majina yako matatu."

Dada akacheka, kicheko cha kwanza tangu tulazwe. "Mjukuu wangu, siku zote hizi bado hunijui?"

"Nakujua bibi," akasema, kalamu ipo juu ya karatasi. "Lakini nitajie."

Dada akayataja yote matatu.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mikindani, Mtwara